Shahamu ya Mlango wa Dereva

“Tena?” askari Rifkat alipaza sauti kutoka juu ya kifaru cha vita. “Jamani, tena? Dada kachora tena!”

Lukerya alilimalizia duara lake la chaki kwenye bamba la mbele, pale mshono wa kuchomelea unapopita chini ya mlango wa dereva, akairudisha chaki mfukoni. Vidole vilikuwa vinamtetemeka. Bahati yake, katika karakana ile ya Urali, mwezi wa pili, kila mtu alikuwa anatetemeka kwa baridi.

“Mshono una ufa,” alisema. “Hakitoki.”

“Juzi ulisema pini ya mnyororo. Jana ukasema mnara wa mzinga unazunguka kwa shida. Leo ufa. Hebu niambie dada yangu, hiki ni kifaru au bibi harusi? Mbona hakiishi kupambwa?”

Wanawake wa kupaka rangi, waliokuwa wamesimama na mabomba yao ya kupulizia wakisubiri kazi, waliangua kicheko. Luteni Zubov, kamanda wa kifaru hicho, hakucheka. Alikuwa mtu mfupi mwenye kovu la moto shingoni.

“Komredi mkaguzi,” alisema polepole, “wenzetu wote wameshaondoka. Sisi tumebaki hapa tunapiga miayo. Huo ufa uko wapi? Mimi siuoni.”

“Ungekuwa unauona, wewe ndiye ungepewa chaki.”

“Hapo umepatikana, Luteni!” walishangilia wanawake wa rangi.

Demyan, dereva, alikuwa amechuchumaa mbele ya lile duara. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, akapitisha tena, kisha akainua macho na kumtazama Lukerya. Macho yale Lukerya hakuyaweza. Aligeuka akaenda kwenye kifaru kinachofuata.

Sasa ukweli ni huu, na heri niuseme mapema tusisumbuane: ufa haukuwepo. Pini ya mnyororo ilikuwa nzima, na mnara ulizunguka vizuri kuliko minara mingi iliyoruhusiwa wiki ile. Lukerya, mkaguzi ambaye mafundi wazima walikuwa wakimwogopa kwa ukali wake, alikuwa anasema uongo mchana kweupe. Alikuwa anamwibia Demyan siku moja moja kutoka mikononi mwa vita.

Pale kiwandani askari hawakuletewa kifaru huko waliko. Walikuja wenyewe, wakavua makoti, wakashika spana pamoja na mafundi na kukiunga kile watakachokwenda nacho, wakijue kama mtu anavyolijua jiko lake. Kikishaungwa, mkaguzi anakipitia. Akiona kasoro anaizungushia chaki. Maduara yakishafutwa yote kinapakwa rangi, kinakaushwa, kinapandishwa treni kwenda kupigana na Wajerumani. Ndivyo Demyan, dereva wa trekta kutoka Poltava, alivyofika mbele ya Lukerya na kumuuliza maana ya yale maduara.

“Maana yake hapa pana ubaya, patazamwe,” Lukerya alimjibu.

Demyan akaichukua ile chaki mkononi mwake, akachora duara kwenye koti lake la pamba, upande wa moyo.

“Basi na hapa patazamwe,” alisema.

Lukerya alicheka, naye tangu kifo cha kaka yake alikuwa hajacheka. Ikawa ndiyo imetoka hiyo. Duara lile Demyan hakulipangusa, likififia, alilikolezea.

*

Jioni ile ya uongo wa tatu Lukerya alifanya jambo jingine, baya zaidi, ingawa yeye aliliona dogo.

Wanawake wa rangi walikuwa na kopo la shahamu. Kabla ya kupuliza rangi, ukingo wa kila mlango wa kifaru hupakwa shahamu ili rangi isishike pale mlango unapokutana na chuma. Shahamu yenyewe ilikuwa ya kweli, ya mnyama, nyeupe, na katika mji ambao watu walikuwa wakila supu ya maganda ya viazi, kopo lile lilitazamwa na macho mengi. Lakini ilikuwa mali ya vita. Aliyekamatwa na kijiko chake tu alipelekwa kambi ya wafungwa, na huko wengine hawakurudi.

Watu walipokuwa wanabadilishana zamu, Lukerya alipita karibu na lile kopo, akakomba kilichobaki chote kwenye kitambaa, akakisokomeza kifuani. Kesho wataletewa jingine, alijiambia.

Demyan alipofika bwenini, akafunua blanketi lililotenga kitanda cha Lukerya na vya wenzake, alisimama na kofia mkononi, pua juu.

“Harufu gani hii?”

“Kaa kwanza. Mgeni gani wewe?”

“Lusha,” alimwita kwa jina lake la kifupi. “Hivi ni viazi vya kukaanga. Vimekaangwa kwa mafuta!”

“Basi pua yako nzima.”

“Mafuta umeyatoa wapi?”

“Umekuja kula au umekuja kukagua? Mkaguzi hapa ni mimi.”

Demyan alikula. Vilikuwa viazi vilivyokunwa, vikakandwa na chumvi, vikakaangwa mpaka kingo zikawa kahawia. Alikula amefumba macho, halafu akalamba vidole kimoja kimoja bila aibu.

“Mama yangu alikuwa anakaanga hivi hivi,” alisema. “Sijui kama yu hai. Kijiji kimeshikwa na Wajerumani tangu mwaka juzi.”

“Utamkuta.”

“Nikienda nitamkuta. Nikikaa hapa nitamkutaje?” Alipangusa mikono kwenye suruali. “Lusha, nikuulize kitu. Usinikasirikie.”

“Uliza.”

“Ule ufa upo?”

Lukerya aliinama akakusanya makombo yaliyobaki kwenye sahani.

“Rifkat anasema umenifungia mlango,” Demyan aliendelea. “Wananicheka. Luteni hacheki, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mimi nimewaambia mbele ya wote, Lusha hachezi na chaki. Kwa hiyo nataka nisikie kwako, niwe na la kuwajibu.”

“Upo.”

“Kweli?”

“Naapa kwa Yefim.”

Yefim ndiye yule kaka yake. Alikuwa dereva wa kifaru, akaungulia ndani ya kifaru chake karibu na Kharkiv. Mlango wake ulikataa kufunguka. Aliyekuja kuleta habari alilisema hilo bila kufikiri, na Lukerya hakulisahau hata siku moja. Kwa ajili hiyo aliomba kazi ya ukaguzi. Na sasa alikuwa ameliapia jina lake kwa uongo, mafuta ya viazi yakiwa bado midomoni.

Demyan alishusha pumzi.

“Basi yameisha,” alisema, akamshika mkono. “Kesho adhuhuri naomba ruhusa. Twende tukaandikishe ndoa. Nikifa, angalau kuwe na mtu wa kupelekewa habari.”

“Usiseme hivyo.”

“Haya. Nisipokufa, kuwe na mtu wa kunikaangia viazi.”

Lukerya alicheka na kulia kwa pamoja, na Demyan akadhani ni furaha.

*

Asubuhi alikuja Kapitolina Savvishna mwenyewe, mkuu wa ukaguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza kwa sababu ya rangi alizovuta maisha yake yote. Luteni Zubov alikuwa amekwenda kumgongea mlango kabla hajamaliza chai yake. Mkononi mama huyo alikuwa na ndoo ya chaki iliyokorogwa na maji, na kopo la mafuta ya taa.

Lukerya aliitambua ile ndoo.

“Tutapima,” alisema Kapitolina Savvishna. “Ufa ukiwepo utajisema wenyewe.”

Kipimo kile kila mtu karakanani alikijua. Nje ya mshono unapaka chaki, unaiacha ikauke iwe nyeupe pe. Ndani unapaka mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayana adabu. Yakipata tundu la unywele yanapenya, na juu ya chaki linatokea doa. Pasipo ufa, chaki inabaki nyeupe.

Demyan ndiye aliyeingia ndani kupaka mafuta. Alipotoka alisimama mbele ya kifaru, akaiangalia chaki kwa imani kabisa, kama mtu anayengoja treni anayojua saa yake. Rifkat alikuwa tayari na mzaha mdomoni, lakini alipomwona mwenzake anavyotazama, aliumeza.

Walingoja. Chaki ikawa nyeupe. Wakangoja tena.

“Ongeza mafuta,” Demyan alisema kwa sauti ndogo. “Labda hayajatosha.”

“Yametosha, mwanangu,” alisema Kapitolina Savvishna.

“Mimi naongeza.”

Akaingia tena, akapaka tena, akatoka. Chaki ilibaki nyeupe. Hapo ndipo alipogeuka.

“Uliapa kwa Yefim.”

“Demyan, nilitaka siku moja tu. Nilitaka leo tuandikishe…”

“Uliapa kwa marehemu, Lusha! Kwa ndugu yako mwenyewe!”

“Niliogopa.”

“Na mimi je? Unadhani mimi siogopi? Naogopa tangu siku niliyovaa hizi nguo! Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kushikilia, kwamba hicho ninachopanda kimepita mkononi mwako. Umeninyang’anya hata hicho.”

“Nisikilize kidogo…”

“Nisikilize nini? Wewe ukisema ni usiku, mimi sasa itabidi nitoke nje nikatazame.”

Alilipangusa duara la koti lake kwa kiganja, kwa nguvu, mara nyingi, hata baada ya chaki kuisha. Kisha akaondoka. Rifkat alimfuata.

Kapitolina Savvishna alingoja mpaka wamefika mbali.

“Unajua jina la ulichofanya? Hujuma. Kwa sheria nikuandike sasa hivi.”

“Niandike, Kapitolina Savvishna.”

“Nyamaza. Nimezika waume wawili, siyo kwamba sijui kilichokusukuma. Nipe chaki.” Lukerya alimpa. “Chukua ufagio, nenda upande wa rangi, nisikuone.”

Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alizaliwa asubuhi, mchana akawa mtu mzima. Luteni Zubov hakutaka tena kukisikia kile kifaru chenye nuksi. Alipewa kingine kilichotoka kwenye chumba cha kukaushia alfajiri. Askari waliokiunga walikuwa wamezuiliwa hospitali wote kwa homa ya chawa. Kiliwashwa, kikazungushwa uwanjani, mlango ukafunguliwa na kufungwa, kikaruhusiwa.

*

Lukerya alikuwa anafagia aliposikia ugomvi.

“Nani kachukua shahamu?” mwanamke mmoja wa rangi alikuwa anafoka. “Kopo tupu, limelambwa! Nimewauliza tangu jana zamu ya usiku!”

“Panya,” alijibu mwenzake.

“Panya wa vita hivi wana miguu miwili. Na kile kifaru cha mwisho mlikipakaje?”

“Tulikipaka hivyo hivyo. Tungefanyaje? Mlango mtupu. Si umefunguka lakini?”

Lukerya aliuachia ufagio ukaanguka.

“Kifaru kipi?”

“Kile cha mwisho usiku. Si ndicho wamepewa wale wenzio wa…”

Hakungoja amalize. Mkaguzi alijua ambalo wanawake wale hawakulifikiri: rangi ikitoka kwenye joto huwa laini, mlango unafunguka bila tabu, kila mtu anaridhika. Ikishapigwa na baridi siku mbili tatu, ndipo inaponata. Dereva atausukuma kwa teke, utafunguka, atasema ni barafu. Kesho utanata tena. Na siku chuma kitakapopata moto, rangi itayeyuka na kuugandisha, na hakutakuwa na nafasi ya kupiga mateke.

Alikimbilia simu ya ukutani.

“Haloo! Jukwaa la kupakilia?”

“Ndiyo. Nani?”

“Mkaguzi wa karakana ya kumalizia. Kifaru cha Luteni Zubov kisiondoke. Mlango wa dereva una kasoro.”

“Mkaguzi gani?”

“Lukerya Tkach.”

Upande wa pili kikaja kicheko.

“Yule wa chaki? Dada, habari zako zimefika kabla ya simu yako. Kimeshafunikwa turubai, kimetiwa lakiri, na treni inapiga honi. Tafuta bwana mwingine.”

Simu ikakatwa.

Lukerya alikimbia bila koti. Nani alimwona, nani alimwita, hakujua. Alivuka reli, akateleza, akaanguka, akainuka na goti linavuja damu. Treni ilikuwa ndefu, vifaru juu ya mabehewa yasiyo na kuta, turubai zimefungwa kwa waya na lakiri. Katikati palikuwa na behewa la askari, mlango wazi, bomba la jiko linatoa moshi. Rifkat alikuwa amekaa mlangoni, miguu inaning’inia.

“Ee Mungu wangu,” alisema. “Demyan! Ufa umekufuata mpaka huku!”

Demyan alitokea nyuma yake. Luteni naye akatokea.

“Mlango wako,” Lukerya alihema. “Ukingo wake haukupakwa shahamu. Rangi itanata. Mkishuka ukwangue, Demyan, ukwangue mpaka chuma, halafu uupake mafuta. Usiupige teke tu ukaacha. Mtasema ni barafu. Siyo barafu!”

“Lusha, nenda nyumbani.”

“Ni kweli safari hii!”

“Na pini ilikuwa kweli. Na mnara ulikuwa kweli.”

“Komredi,” Luteni aliingilia, “mlango niliufungua mwenyewe leo asubuhi. Umefunguka.”

“Kwa sababu ulikuwa bado wa moto!”

“Unajuaje kama haukupakwa?” Demyan aliuliza. “Hukuwepo. Ulikuwa na mimi. Ulikuwa unanikaangia via…”

Akamkazia macho.

Treni ilipiga honi. Vyuma vilianza kugongana kutoka mbele kuja nyuma. Lukerya alimtazama Luteni, mtu ambaye kwa neno moja angeweza kumpeleka kambini, kisha akamtazama Demyan. Akaona hana namna nyingine.

“Najua kwa sababu niliiiba mimi,” alisema, kwa sauti ya kusikika. “Niliikomba yote kwenye kopo. Ndiyo niliyokukaangia. Umeila wewe, Demyan. Shahamu ya mlango wako umeila wewe.”

Rifkat aliacha mdomo wazi. Demyan alishika fremu ya mlango wa behewa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemtarajia.

“Luteni amesikia,” Lukerya alisema. “Aniandike. Lakini ukwangue. Nakuomba, nakupigia magoti, ukwangue.”

Luteni Zubov alijishika lile kovu la shingoni. Alimtazama yule mwanamke, goti lake linavuja damu kwenye theluji.

“Mimi sijasikia kitu,” alisema. “Treni hii ina kelele sana.” Akarudi ndani.

Magurudumu yalianza kuzunguka. Lukerya alitembea sambamba na behewa, kisha akakimbia.

“Demyan! Sema kitu!”

Demyan alisimama pale mlangoni, akimwangalia, mpaka jukwaa likamwishia Lukerya miguuni.

*

Barua haikuja. Theluji ikayeyuka, matope yakaja, yakakauka. Kila mleta barua akiingia bwenini Lukerya alijifanya anashona.

Kapitolina Savvishna alimrudishia chaki, lakini kwa kazi moja tu: milango. Lukerya aliifungua, akaifunga, akaiacha ipoe, akaifungua tena. Kopo la shahamu alilitunza mwenyewe, na wanawake wa rangi, waliokuwa wameshajua kila kitu na wasimchongee, walimwita Mama Milango. Alikonda. Hakuwa mke, hakuwa mjane, hakuwa mchumba. Kilichomla si kutojua tu kama Demyan yu hai. Alitaka kujua kama alimwamini.

Mwishoni mwa kiangazi walikuja askari wapya kuchukua vifaru, na mmoja wao alikuwa anachechemea, sikio moja limesinyaa kwa moto. Alisimama mbali, kofia mkononi. Lukerya alimtambua kwa namna alivyokuwa akitafuta mzaha wa kuanzia na kuukosa.

“Dada,” alisema Rifkat.

Lukerya aliiweka chaki chini.

“Sema haraka.”

“Hayupo, dada yangu. Tangu Julai.”

Lukerya aliitikia kwa kichwa. Aliitikia tena na tena, kama mtu anayehesabiwa vitu. Kapitolina Savvishna alisogea akasimama nyuma yake bila kumgusa.

“Mlango?” Lukerya aliuliza. Akarudia. “Mlango je?”

“Ulifunguka.”

Rifkat alikaa juu ya kreti, mguu mbovu ameunyoosha.

“Tulipigwa ubavuni. Moto ukaingia. Mimi nakaa kando ya dereva, mlango wangu ni ule ule wake, unajua, sina mwingine. Alisukuma mara moja tu, dada. Mara moja, kwa mkono, ukafunguka. Akatoka, akanivuta kwa kola mpaka shimoni, mguu wangu ulikuwa umeshakwisha. Nikamshika nikamwambia baki. Akasema Luteni na mwenzetu bado wako juu mnarani. Akarudi. Kombora la pili likakipiga kifaru akiwa anapanda.” Alikunja kofia yake. “Mimi ningekuwa mkaa sasa hivi. Na yeye angekuwa mkaa mle ndani. Hakufia ndani. Nilitaka ulijue hilo.”

“Alikwangua?”

“Siku tuliyoshuka. Wenzetu wamelala, yeye kakaa juu ya kile kifaru na kisu, anakwangua mpaka chuma kinang’aa. Nikamcheka. Si unanijua mdomo wangu? Nikamwambia, huyu mwanamke kakudanganya mara tatu, hii ya nne unaikwangulia nini?”

“Akasemaje?”

“Akasema, ‘Zile tatu alidanganya ili nibaki. Hii ya nne amejitia kitanzi ili niende salama. Mtu hajitii kitanzi kwa ajili ya uongo.’”

Lukerya alijifunika uso kwa mikono iliyojaa chaki.

“Sasa mafuta ya kupaka hatuna,” Rifkat aliendelea. “Jioni ukaja mgao wa chakula, kila mtu na kipande chake cha shahamu, ya kwanza tangu tuondoke hapa. Watu wamekaa wanalamba vidole. Yeye kakichukua chake, kapanda juu, anaupaka mlango. Chote! Nikamwambia, wewe una wazimu, hiyo si chakula? Unatulisha kifaru?” Rifkat alijaribu kucheka, ikashindikana. “Akaniambia, ‘Mimi yangu nilishakula.’”

Karakana nzima ilikuwa ikigonga nyundo na hakuna aliyesikia isipokuwa wao watatu. Lukerya alilia kwa sauti, kilio alichokizuia tangu jukwaani, na Kapitolina Savvishna akamshika mabega ili asianguke.

Alipotulia, Rifkat alikuwa amefungua mfuko wake na kutoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa safi.

“Mgao wangu wa shahamu wa safari,” alisema. “Mimi Mtatari, Mwislamu, nguruwe sili, unajua. Siku ile nilimpa changu pia, baada ya kumcheka. Tangu hapo sijabadilishana na mtu. Natunza.”

Lukerya alikipokea. Alipangusa macho kwa mkono wa koti, akaenda kwenye kifaru ambacho Rifkat na wenzake wapya walikuwa wanakingoja, akaupaka ukingo wa mlango wa dereva kwa vidole vyake, polepole, mzunguko mzima.

“Kina duara hiki?” Rifkat aliuliza nyuma yake.

“Hakina,” alisema Lukerya. “Ingia, usukume.”

Rifkat aliingia kwa taabu, akauvuta mlango ukafungwa. Lukerya alisimama nje, mkono mmoja juu ya chuma, akingoja. Mlango ulifunguka mara moja.